Anza na umbo, rangi ije mwisho
Ninapobuni lebo, mathalani ya chupa za juisi ya zabibu hapa Dodoma, siwashi kompyuta hadi niwe nimechora kwa penseli michoro midogo mingi isiyo na rangi, kwa sababu rangi nzuri huficha umbo baya. Mchoro ninaouchagua huuchapa kwa wino mweusi, kisha huubandika kwenye chupa halisi na kuitazama nje, juani, nikiwa umbali wa hatua kadhaa; herufi nyembamba, ambazo wateja wengi huzipenda mno, ndizo hupotea kwanza. Baada ya hapo ndipo huweka rangi, nami humwonyesha mteja sampuli iliyochapwa, kwani zambarau ya kwenye skrini, inayoundwa kwa mwanga, mara nyingi hufifia inapochapwa kwa wino.