Mbwa anayejikuna bila kukoma

Mbwa wangu, Chui, analinda korosho hapa Mikindani. Mwaka jana alijikuna mpaka mgongo ukabaki ngozi tupu.

Kwanza angalia anajikuna wapi. Kama ni kiunoni na shina la mkia, shuku viroboto. Mchane manyoya juu ya karatasi nyeupe, kisha nyunyizia maji vichembe vyeusi vitakavyodondoka. Vikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Kingo za masikio na viwiko vikinyonyoka na kutoa magamba, huenda ni upele wa utitiri, nao huambukiza hata watu. Mimi niliwashwa mikono wiki nzima nikisingizia mbu.

Usimpake oili chafu ya gari wala salfa ya kupulizia mikorosho, hata jirani akuapie. Mbwa hujilamba, na unga wa salfa unachoma macho. Oili niliijaribu: siku mbili za kumsugua kwa sabuni, na muwasho uko palepale.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akwangue ngozi na kuipima kwa hadubini. Dozi hufuata kilo za mbwa, kwa hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe usijichanganyie mwenyewe.

Kazi kubwa iko anapolala, maana mayai ya kiroboto hudondoka chini. Gunia lake nililichoma, tambara nikalifua kwa maji ya moto na kulianika juani, banda nikalifagia kila siku. Mbwa na paka wote wa nyumbani watibiwe pamoja. Viroboto wachanga hujificha kwenye vifukofuko kwa wiki kadhaa, basi wakitokea tena, rudia dawa kwa tarehe aliyoandika daktari.

Manyoya ya Chui yalirudi baada ya miezi miwili, isipokuwa kipara kimoja begani.