Raifo na unyevu wa ziwa

Wenye raifo za leseni huku Mwanza, hasa mnaokaa karibu na maji kama Igombe, msiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au sponji. Mfuko hushika unyevu, na kutu huanza pale chuma kinapogusana na mbao, pasipoonekana.

Kusafisha: toa magazini (kisanduku cha risasi), kagua chemba (tundu inapokaa risasi) kwa jicho na kidole, chomoa bolti (kipande kinachofunga chemba). Ufito wa kusafishia mtutu uingilie upande wa chemba. Ukianzia mdomoni unakwaruza ukingo wa mtutu na shabaha inaharibika. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kuondoa masizi, subiri dakika 10 hadi 15, kisha pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke cheupe. Mafuta matone 2 au 3 tu, yakizidi hunasa vumbi. Kabla ya kufyatua, futa tena mafuta ya ndani ya mtutu.