Somo: Chai ya urukususu, namna ya kuinywa na wakati wa kuiacha

Utamu wa mzizi wa urukususu (kwa Kiingereza, liquorice) hautokani na sukari. Unatokana na glisirizini, ambayo ni tamu kama mara 50 kuliko sukari, na hiyohiyo ndiyo inayoweza kukupandisha presha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chai hii inatibu nini, uliza utakunywa vikombe vingapi na kwa siku ngapi.

Hatua ya 1: Jikague. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini, au aliyewahi kuambiwa potasiamu yake (madini yanayohitajiwa na misuli na moyo) iko chini, aiache. Mjamzito vilevile. Huko Finland, ambako peremende za urukususu zinapendwa sana, wajawazito wanashauriwa waziepuke. Unameza dawa za kuongeza mkojo, digoksini (dawa ya moyo), steroidi au dawa ya kuzuia damu kuganda? Zungumza na daktari au mfamasia kwanza.

Hatua ya 2: Pima. Hapa ndipo watu wanapoharibu, maana wanatia mzizi kwa kukadiria. Miongozo ya dawa za mitishamba ya Ulaya inataja gramu 1.5 hadi 2 kwa mililita 150 za maji. Sasa piga hesabu: mzizi wenye glisirizini asilimia 4, ukiweka gramu 2, una miligramu 80. Si yote itakayotoka kwenye maji, lakini ipo mizizi yenye kiwango kikubwa zaidi ya hicho. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Ulaya ilishauri mtu asizidishe miligramu 100 kwa siku. Ndiyo maana mimi nasema kikombe kimoja kwa siku.

Hatua ya 3: Tayarisha. Mimina maji yanayochemka juu ya mzizi uliokatwakatwa, funika dakika 10, chuja. Sukari ya nini tena?

Hatua ya 4: Panga siku ya kuacha. Kwa kikohozi au tumbo lililovurugika, siku chache zinatosha. Chai hii hulainisha koo na imetumika tangu zamani kulegeza makohozi na kutuliza kiungulia, ingawa ushahidi wa kitabibu si mzito. Isikuletee mazoea ya kila asubuhi.

Sababu ni hii. Figo zina kimeng'enya kinachoizuia homoni ya kotisoli isijifanye aldosteroni, homoni inayoamuru mwili ubaki na chumvi. Urukususu hukizima kimeng'enya hicho. Chumvi na maji vinabaki mwilini, potasiamu inatoka na mkojo. Presha inapanda, miguu inavimba, misuli inalegea, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, waliripoti kifo cha mwanamume wa miaka 54 aliyekuwa akila pakiti moja na nusu ya peremende za urukususu kila siku kwa wiki kadhaa. Zilikuwa peremende, si chai, lakini kilichomdhuru ni glisirizini hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina presha lakini dawa imeituliza. Kikombe kimoja kwa wiki je?
Marahaba. Sikushauri. Presha imetulia kwa sababu ya dawa, na urukususu unaivuta upande wa pili. Kama dawa yako ni ya kuongeza mkojo, potasiamu inaweza kupotea kwa njia mbili kwa pamoja.

Nimesikia inaponya vidonda vya tumbo. Ni kweli?
Wazo hilo lina historia. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Uholanzi aliwapa wagonjwa wa vidonda dondoo ya urukususu, akaona nafuu, ila baadhi yao wakavimba. Baadaye zikatengenezwa bidhaa zilizoondolewa glisirizini. Vidonda vingi leo vinatokana na bakteria au dawa za maumivu, kwa hiyo kapime, ndugu yangu. Chai haiui bakteria hao kwa kiwango cha kukuponya.

Nimekunywa vikombe vitatu kila siku kwa mwezi mzima. Miguu imejaa na mapaja hayana nguvu.
Dada, acha leo hii, nenda hospitali leo hii. Waambie wazi kwamba ni urukususu, wakupime presha, potasiamu na mapigo ya moyo. Ukihisi moyo unarukaruka au unataka kuzimia, hiyo ni dharura. Usishangae hali isiporudi sawa mara moja. Athari zake zinaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya kuacha.

Mimi sinywi urukususu, nakunywa tu chai ya mitishamba ya pakiti. Nina haja ya kujali?
Geuza pakiti usome viambato. Urukususu huongezwa kwenye michanganyiko mingi ili kuleta utamu, hata kama jina la mbele linataja mnanaa au tangawizi. Tafuta pia jina la kisayansi, Glycyrrhiza. Ukilikuta, kikombe hicho nacho kiingie kwenye hesabu ya siku.