Kuiwekea magurudumu mashine ya kuchania mbao

Karakana nyingi za useremala, ziwe za Keko jijini Dar es Salaam au za Gikomba kule Nairobi, zina chumba kidogo na uwanja wa mbele unaotosha. Mchana mbao ya futi 12 haichaniki chumbani, na usiku mashine hailali nje. Basi kila asubuhi na kila jioni vijana wanne wanaishika mezani na kuiburuta. Meza inalegea kwenye bolti zake, fensi (ukingo wa kuongozea mbao) inahama, halafu tunashangaa mbao zinatoka na mkia mpana.

Fremu ya magurudumu inatibu hilo, ila kuna sharti moja. Magurudumu ni ya kusafiria tu. Wakati wa kuchana, mashine isimame kwenye miguu ya chuma, magurudumu yakiwa hewani. Breki ya gurudumu la kawaida huzuia lisibingirike, lakini uma wake, yaani chuma kinacholishika, bado unazunguka, kwa hiyo mashine inacheza. Ukisukuma ubao mzito wa mninga, mashine ikateleza hata kidogo tu, ubao unakaa upande, unabanwa kati ya diski ya msumeno na fensi, na diski inaurusha kuelekea tumboni kwako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni miguu. Magurudumu yenyewe ni rahisi.

1. Jua uzito

Mashine ya kiwandani yenye meza ya chuma cha kumimina mara nyingi hufika kilo 200 au kuzidi. Za kuchomelea mtaani hutofautiana sana, hivyo usikadirie kwa macho. Wanunuzi wa chuma chakavu wana mizani ya chini: weka upande mmoja juu ya mizani, upande wa pili juu ya gogo la kimo kilekile, soma, kisha geuza. Jumlisha namba mbili.

Ongeza kilo 20 za fremu na kilo 40 za mbao itakayokuwa juu. Tuseme umepata 300. Gawanya kwa tatu, ingawa magurudumu ni manne, kwa sababu kwenye sakafu isiyo sawa gurudumu moja huwa linaning'inia bila kubeba kitu. Kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 100 au zaidi.

2. Magurudumu

Nunua mawili yanayogeuka na mawili yasiyogeuka, ya kipenyo cha milimita 100. Madogo ya viti vya ofisi yanakwama kwenye kila kokoto. Ya mpira laini yanabonyea upande mmoja mashine ikikaa wiki nzima bila kusogezwa, ndipo yanaanza kudunda. Nailoni ngumu au chuma hubingirika vizuri kwenye saruji, japo kwa kelele. Breki ukizipata ni sawa, zitakufaa kwenye mteremko.

3. Fremu

Tumia engo (chuma chenye umbo la L) ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 5. Huuzwa kwa vipande vya mita 6, na kwa mashine yenye kitako cha sentimita 60 kwa 50, nusu ya kipande inatosha na chenji inabaki. Bawa moja la engo lisimame nje kama ukuta, la pili lilale ndani, mashine ikae juu yake. Hivyo unene unaoongezeka chini ya mashine ni milimita 5 tu. Nafasi ya ndani iwe kubwa kuliko kitako kwa milimita 4.

Chomelea pande tatu: nyuma, kushoto na kulia. Upande wa mbele ukate, utoboe, uufunge kwa bolti za M10 (nene milimita 10), mbili kila kona. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, funga upande wa mbele, gusisha kona kwa nukta za moto, kisha pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, gonga kwa nyundo kona iliyo ndefu, upime tena. Ukishachomelea kote hairudi.

Kuchomelea kufanyike mbali na maranda. Cheche inaweza kujificha ndani ya unga wa mbao, ikafuka kimya kwa saa kadhaa, karakana ikawaka watu wameshafunga. Wala usichomelee fremu ikiwa tayari chini ya mashine: umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unazitoboa vishimo vidogo, na hutajua hadi zianze kulia.

4. Kupachika magurudumu

Hakuna haja ya hesabu nyingi. Weka fremu juu ya vipande vinne vya plaiwudi ya milimita 18, kwenye sakafu iliyonyooka. Simamisha nguzo fupi ya engo kila kona, upande wa kushoto na wa kulia. Mbele pasiwe na kitu, maana hapo ndipo miguu yako inaposimama na hutaki kujikwaa diski ikizunguka. Simamisha gurudumu pembeni ya nguzo, laza pleti ya milimita 8 juu yake, igusishe kwenye nguzo. Ukitoa plaiwudi, fremu itaning'inia milimita 18 juu ya sakafu.

Yasiyogeuka yakae nyuma, karibu na nguzo. Yanayogeuka yanahitaji nafasi: yazungushe mduara mzima kwa mkono na uhakikishe hayagusi nguzo wala fremu. Pleti itatokeza nje zaidi, kwa hiyo iongezee pembetatu ya chuma ya kuitegemeza. Ichomelee juu ya pleti, kwa kuwa chini ni njia ya gurudumu.

5. Miguu

Chukua bolti nne za M16, urefu wa milimita 100, zenye uzi hadi karibu na kichwa. Kwenye kila kona chomelea kipande cha pleti kilichotobolewa, na nati juu ya tundu. Bolti inaingia kutoka juu, kichwa chake kinabaki mahali spana namba 24 inapofika. Ongeza nati ya pili ya kukaza. Ncha ya chini ilainishe kwa grenda iwe mviringo.

Uzi wa kawaida wa M16 unashuka milimita 2 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 10 au 11 inatosha kuinua magurudumu kutoka chini. Yapige kwa kidole: yakizunguka, miguu inabeba. Kisha weka pima maji mezani, urefu na upana, na urekebishe bolti mojamoja.

6. Kuingiza mashine

Chomoa umeme, toa diski. Inua kwa mtaimbo, weka kabari ya sentimita 3 hivi katikati ya kitako mbele na nyingine nyuma. Usiinue kwa kushika meza wala reli za fensi. Sukuma fremu kutoka nyuma, mabawa ya pembeni yapite chini ya kitako. Ikikaribia kabari ya nyuma, mmoja anyanyue kwa mtaimbo, mwingine aitoe kabari kwa kijiti, kamwe si kwa vidole, na fremu isukumwe hadi mwisho. Toa kabari ya mbele vivyo hivyo, funga upande wa mbele. Kwa watu wasio na winchi, hii ndiyo faida ya kuacha upande mmoja wa bolti.

7. Kabla ya kuchana

Shusha miguu, kaza nati, egemea meza kwa kiuno kutoka kila upande. Isitikisike. Pima fensi dhidi ya diski, mbele na nyuma, kwani mashine iliyosimama kwa kujipinda huvuta meza nayo. Washa bila mbao, usikilize. Wiki ya kwanza kaza bolti mara kwa mara, maana mtetemo huzilegeza.

Kwa wenye umeme wa fezi tatu kuna jambo zaidi. Mashine inayohama huchomekwa kwenye soketi tofauti, na fezi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi kwenye soketi mojawapo, mota itazunguka kinyume. Kila ukihamia soketi nyingine, washa na kuzima mara moja huku umesimama pembeni: meno ya mbele lazima yashuke kuelekea mezani, upande uliosimama mchanaji. Yakipanda, zima na umwite fundi umeme abadilishe fezi kwenye soketi hiyo, siyo kwenye mashine.