Vyeti vyako viko wapi mvua ikianza?

Kijana mwenzangu unayeishi Jangwani, Kigogo, Vingunguti au popote kando ya Mto Msimbazi, masika huanza Machi. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, juu ya kabati, si chini ya godoro. Vipige picha pia, umtumie ndugu aliye mkoani. Cheti kikishagandamana kwa maji, kupata kingine ni kuzunguka polisi na maofisini, na nafasi ya kazi haikusubiri.

Maji yakikaribia mlango, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujaloa miguu, kisha toka. Bibi na wadogo zako watangulie mapema, giza lisiwakute humo.

Na tafadhali, usivuke maji yanayokwenda kasi, wala usikubali bodaboda akuvushe. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake kuna mitaro iliyo wazi na mashimo ya vyoo yaliyotitia, usiyoyaona. Zunguka, au subiri yapungue. Mtu akinasa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na umrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko.