Uzio wa mianzi unaokata kelele ya grenda ila upepo unapita

Kama umepanga Shangani, Mtwara, au hata Lindi mjini na jirani yako ni fundi mageti, shida unaijua. Ukijenga ukuta kelele inapungua kweli ila na upepo wa bahari ndo umeuaga, na joto la huku halina utani. Njia ya kati ipo: unasimamisha nguzo za mianzi kwa nafasi maalum, sauti ikigonga kila mstari kidogo inarudishwa, na nafasi ikiwa sawa hayo marudio yanaungana yanakuwa na nguvu, kwaiyo sauti ya frikwensi (mitetemo kwa sekunde, ndo Hz) inayoendana na nafasi hiyo inakwama na upepo unapita zake tu. Mwaka 1995 wanasayansi wa Uhispania walipima sanamu ya Eusebio Sempere kule Madrid, mabomba ya chuma yamepangwa kila sm 10, wakakuta sauti ya 1,670 Hz inapungua sana.

Anza na simu. Shusha apu yoyote ya spektra (inayochora nguvu ya sauti kwa kila frikwensi), kaa dirishani grenda ikilia, angalia kilele kirefu kiko Hz ngapi. Afu chukua 349 (spidi ya sauti, mita kwa sekunde, kwenye nyuzi 30), gawa kwa hizo Hz, gawa tena kwa 2. Tuseme umeona 1,400, unapata kama sm 12.5. Hiyo ni katikati ya mwanzi hadi katikati ya mwenzake, sio ukingo kwa ukingo, fundi ukimwacha peke yake atapima ukingo, we mkatie kijiti cha urefu huo ashike mkononi. Mianzi iwe minene, sm 7 au 8, mistari minne mitano, kimo kipite juu ya dirisha la sivyo sauti itaruka tu. Chini paka oil chafu, mchwa wasiile.

Usitegemee izuie kila kitu, maongezi na miziki vitapita. Kuna watu wanasema mikorosho ya mistari inatosha, haiwezi, mita 12 kwa 12 inakupa kama 14.5 Hz, hata sikio halisikii.

Ngurumo ya jenereta je? 200 Hz inataka nafasi ya sm 87, kiwanja hicho huna. Hapo toboa. Kila pingili ya mwanzi ni chumba kilichofungwa, ukitoboa tundu moja la sm 2 inaitikia kama chupa ya soda ukiipuliza mdomoni na inakula sauti ya frikwensi yake. Pingili ya sm 30 yenye uwazi wa sm 6 na ganda la sm 1 inaangukia kama 200 Hz. Puliza tundu huku apu imewashwa: ikisoma chini ya unachotaka panua tundu kidogo kidogo, ikisoma juu tafuta pingili ndefu zaidi maana tundu halirudi. Matundu yaelekee jenereta, na uwe unayachungulia, nyigu wakiziba na udongo pingili inakuwa bubu mpaka uchokonoe na msumari.