Kuleboli picha za muhogo na kutreini modeli mpaka iingie kwenye simu

Tuseme una picha kibao za majani ya muhogo na unataka programu ya kumwambia mkulima hii ni batobato, hii ni michirizi ya kahawia, hii haina ugonjwa. Ubongo wa hiyo programu ndio modeli, unaweka lebo (jibu) kwenye kila picha halafu unaifundisha kwa hizo picha, huko ndiko kutreini. Kabla hujakimbilia kuinstoo chochote jiulize kwanza, kila picha ina jani moja au ina mmea wote? Kama ni jani moja usijisumbue kuchora maboksi, panga tu picha kwenye mafolda, kila folda na jina la ugonjwa wake, basi. Datasiti ya muhogo kutoka Uganda iliyotumika kwenye mashindano ya mwaka 2020 ya Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, picha 21,367 makundi matano, wataalamu wa kilimo wakishirikiana na maabara ya AI ya Makerere ndio walioweka lebo, na ilikuwa hivyohivyo, picha moja jibu moja. Maboksi yanakuja pale picha ina majani mengi na unataka kujua lipi linaumwa na liko wapi.

Sasa tools. Za bure na unazoweza kuziendesha kwenye mashine yako mwenyewe ni CVAT na Label Studio. Label Studio ndiyo nyepesi kuanza nayo, unaandika pip install label-studio halafu label-studio start, inafunguka kwenye brauza localhost:8080, unaingiza picha unaanza kazi. CVAT kuisetapu kuna kazi kidogo maana inataka Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine, ila kwa maboksi mengi mimi naipenda zaidi, unabonyeza N unachora, F picha inayofuata, mkono ukizoea unaenda kasi sana. LabelImg bado utaikuta kwenye tutorial nyingi za zamani lakini haiendelezwi tena so achana nayo. Roboflow, huduma ya mtandaoni, nayo ni nzuri, kila kitu kiko sehemu moja kuanzia kuleboli mpaka kutreini, ila soma masharti kwanza kwa sababu plani yao ya bure inaweka picha zako hadharani, na kama wakulima walikupa picha kwa makubaliano kwamba hazitatoka nje hapo utakuwa umewavunjia ahadi.

Kazi kubwa iko kwenye kuleboli na hapa ndipo watu wanalipua. Andikeni sheria kabla ya kuanza, hata ukurasa mmoja tu. Mfano utitiri wa kijani, mdudu mdogo sana, unaacha vidoti vya njano kwenye majani machanga ya juu, na batobato nayo inaonekana kwenye majani machanga, jani linajikunja na lina mabaka ya njano na kijani, kwa haraka haraka mtu anachanganya. Michirizi ya kahawia yenyewe iangalie majani ya chini yaliyokomaa, unjano unafuata mishipa ya jani. Kama mko wawili au watatu, chukueni picha kama mia hivi kila mtu alebo peke yake halafu mlinganishe, zile mlizotofautiana mpelekeeni afisa ugani au mtafiti wa mihogo aamue, na uamuzi wake uandikwe kwenye ule ukurasa. Nyie wenyewe msipokubaliana modeli nayo haitakuwa na cha kujifunza.

Kama unachora maboksi, modeli tutakayotumia ni YOLO, ya kutafuta vitu ndani ya picha. Ukieksipoti lebo kwa fomati yake kila picha inapata faili lake la txt, mstari mmoja kwa kila boksi, kama hivi:

0 0.51 0.43 0.20 0.31

Sifuri ni namba ya ugonjwa, mbili zinazofuata ni katikati ya boksi, mbili za mwisho ni upana na urefu, zote kwa uwiano wa picha. Fungua mafaili machache uyaangalie kwa macho. Picha isiyo na ugonjwa iache na txt tupu, usiifute, inaifundisha modeli kunyamaza.

Halafu kugawa picha za kutreini na za kupima, tafadhali gawa kwa shamba, usichanganye tu ovyo. Mtu akipiga picha tano za mmea mmoja mfululizo, tatu zikaenda kutreini mbili kupima, modeli inapimwa na kitu ilichokwisha kukiona na utapata maksi za juu ambazo shamba jipya litazikataa.

Kutreini tumia Colab (kompyuta za Google za mtandaoni) au Kaggle kama huna GPU, ile kadi ya kompyuta inayoharakisha kutreini, ila hifadhi matokeo kwenye Drive maana Colab ikikata mafaili ya pale yanapotea. Komandi ni hii, data.yaml ni faili linalosema picha ziko wapi na majina ya magonjwa, yolo11n.pt ni modeli ndogo ya kuanzia, epochs ni mara ngapi inapitia picha zote:

yolo detect train data=data.yaml model=yolo11n.pt epochs=100 imgsz=640

Angalia hiyo 640 ya imgsz, ndio ukubwa wa picha kwa pikseli unaofika kwenye modeli. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 inapunguzwa zaidi ya mara sita, kidoti cha utitiri cha pikseli 12 kinabaki 2, modeli itakiona wapi? Ongeza imgsz au kata picha vipande. Na kama unataka kuuza programu, jua kwamba Ultralytics, wenye hii YOLO, wanatumia leseni ya AGPL-3.0, ina masharti ya kufungua msimbo wako au ununue leseni.

Kupeleka kwenye simu, best.pt ni modeli yako iliyotoka kwenye kutreini na tflite ni fomati ya simu:

yolo export model=best.pt format=tflite int8=True data=data.yaml

int8, yaani namba za modeli kuhifadhiwa kwa nafasi ndogo, inashusha ukubwa hadi kama robo, simu ya bei ndogo inaibeba, na inafanya kazi bila bando, kama Nuru, programu ya PlantVillage ya kutambua magonjwa ya muhogo, inavyofanya kazi shambani bila mtandao. Ila pima upya baada ya kueksipoti, usahihi unaweza kushuka, na pima kwa simu yenyewe, juani, na picha zilizotikisika. Modeli ikiwa haina uhakika programu imwambie mkulima apige picha nyingine karibu zaidi, kuliko kumtajia ugonjwa wa kubahatisha akang'oa shamba bure.